Maembe ya Mugango

Mugango, ukiuliza embe hili ni la aina gani, hutajibiwa dodo wala bolibo. Utatajiwa mwenye mti. Hili la kwa mzee fulani, lile la kwa mjane wa kule kwenye majabali, na yale madogo ya njano ndani ya beseni ni ya kanisani. Mama aliyekuwa akiuza jirani na mwalo alinishangaa nilipomwomba jina jingine. "Mwanangu, jina gani tena? Si nimekwambia ni la kwa marehemu seremala?" Akachagua moja, akalibonyeza shingoni kwa dole gumba, akanipa. Lilikuwa dogo, la kijani, lina madoa meusi. Embe ambalo Dar es Salaam lingekaa mezani mpaka lioze. Nikatoboa ncha, nikanyonya. Utamu ulitangulia, uchachu ukafuata, kisha harufu ya maganda ya chungwa ikapanda puani. Nyuzi zilikuwa nyingi, sikatai. Nilinunua fungu zima.

Nilikwenda Mugango kwa ajili ya maembe, jambo ambalo kondakta wa Hiace iliyonitoa Musoma alikataa kuliamini. Wageni huenda kule kununua samaki, kuhudhuria msiba au kukagua mradi. Mkoa wa Mara haumo katika orodha ya mikoa ya embe. Anayetaka kuandika habari za embe huelekezwa Mkuranga, Tabora au Unguja, ambako miti ni mingi na wanunuzi ni wengi. Huko nimekula, tena nimekula vizuri. Lakini penye wanunuzi wengi, mnunuzi ndiye anayeamua ladha. Lori likitaka embe gumu lenye rangi, mkulima atapanda embe gumu lenye rangi. Mimi nilitaka kuona miembe ya watu wanaokula matunda yao wenyewe, na nilikuwa nimeelekezwa kwa mwalimu mstaafu mmoja wa pale ambaye wenzake walipowekeza kiinua mgongo kwenye ng'ombe na mitumbwi, yeye aliwekeza kwenye miche.

Kutoka Mwanza basi hupita Magu na Lamadi, likapakana na Serengeti pale geti la Ndabaka, kisha likaingia Bunda. Kuanzia hapo mawe yanaitawala nchi. Majabali ya ukubwa wa nyumba yamekaa juu ya majabali mengine, na chini yake kuna mihogo, mtama, pamba, na hapa na pale mwembe mmoja uliojaa majani mpaka unaonekana mweusi. Ukiona mwembe mkubwa mahali pasipo na nyumba, jua palikuwa na nyumba. Operesheni Vijiji ilipopita Mara mwaka 1974, kaya nyingi zilihamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani zikapelekwa kwenye vijiji vilivyopimwa kwa mistari. Watu waliondoka na milango yao, mifugo yao, na mabati kwa waliokuwa nayo. Miembe ilibaki kwenye mahame, na mingi iko pale mpaka leo, inazaa kwa ajili ya ngedere na wachungaji. Nitarudi kwenye mahame haya, kwa sababu ndimo lilimokuwa embe bora kuliko yote niliyokula katika safari hii.

Basi likapita Kiabakari na Makutano, likanishusha stendi ya Bweri, Musoma. Hapo nililala tu. Mji mzuri, wenye upepo, na samaki wa Mwigobero hawahitaji sifa zangu.

Mugango ni kijiji cha ufukweni, kusini mwa mji wa Musoma, katika nchi ya Wakwaya, Waruri na Wajita. Kina mwalo, kina soko, kina misheni ya Wamennonite iliyofunguliwa miaka ya 1930, na kina chanzo cha mradi mkubwa wa maji unaosukuma maji ya ziwa hadi Kiabakari na Butiama. Dagaa wameanikwa kila palipo tambarare. Mchana upepo unatoka ziwani, na harufu ya dagaa inaingia mpaka chumbani. Baada ya muda huisikii tena, unaisikia tu ukila embe.

Mwembe ni mti wa joto, na Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Si mahali pabaya kwa embe, ila si Pwani. Mwembe unataka kipindi cha ukavu ndipo utoe maua kwa wingi, na ukanda wa ziwa una mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Mvua ikiyakuta maua, ugonjwa wa chule unayageuza kuwa meusi na msimu unakwenda na maji. Mwenye miti mingi ya aina moja hulia. Mwenye aina nyingi hapati hasara kubwa hivyo, kwa kuwa miti yake haichanui siku moja. Mwalimu alinieleza hayo tukiwa tumesimama getini, kabla hajanikaribisha kuingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, mwalimu, asante."

"Sasa umekulaje na unakuja kuonja? Haya, pita, tutatembea kwanza."

Uwanja wake si shamba la kumtia mtu kijicho. Ni kipande kinachoshuka kuelekea ziwani, udongo wa kichanga, majabali mawili katikati ambayo hakuna aliyewahi kufikiria kuyaondoa. Katika kipande hicho amepanda Kent, Keitt, Tommy Atkins, Apple, Ngowe, Alphonso, dodo, bolibo, sindano, na miti mingine kadhaa ambayo ameipa namba kwa rangi nyeupe shinani kwa sababu haina jina. Mingi imebebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeungwa juu ya shina la mwingine. Mmoja umebebeshwa mara nne, na kila tawi linazaa embe la sura yake. Watoto wa jirani wanauita mti wa mchawi. Miche mingine aliitoa Morogoro, mingine aliletewa na wanafunzi wake wa zamani, ambao siku hizi wametawanyika nchi nzima na wanajua zawadi gani itamfurahisha. Hauzi. Mkewe anauza kidogo, akichoka kugawa.

Kuonja kulifanyika chini ya mti, juu ya meza aliyokuwa akisahihishia madaftari. Mwalimu alikuwa na utaratibu. Anakata mashavu mawili ya embe, anapasua nyama kwa kisu bila kuchana ganda, analigeuza ili vipande visimame, halafu anakupa bila kutaja jina. Unasema kwanza, yeye anataja baadaye. Kati ya embe na embe kuna maji ya kunywa na kipande cha kiporo cha ugali wa muhogo, ambao hauna ladha ya kugombana na chochote.

La kwanza lilikuwa zuri sana kwa macho: jekundu lililokaribia zambarau, ganda nene, halina doa. Nikatafuna. Utamu ulikuwapo, tena wa kutosha, lakini haukuwa na mwenzake: hakuna uchachu, hakuna harufu, na nyuzi zilikuwa zikiningoja karibu na kokwa. Nikasema ni embe la adabu. Mwalimu akacheka. "Tommy Atkins," akasema, na kunihadithia kisa ambacho nadhani huwahadithia wote. Mti wa kwanza wa Tommy Atkins uliota Florida, Marekani, na ukazaa mwaka 1922. Ulipopelekwa mbele ya wajuzi wa maembe wa kule miaka ya 1950, waliukataa: nyuzi nyingi, ladha ya kawaida. Mwenye mti hakukata tamaa. Aliwauzia wafanyabiashara, nao waligundua kwamba embe lile linasafiri bila kuchubuka, linakaa dukani muda mrefu na lina rangi ya kumvuta mteja. Miaka si mingi baadaye likawa ndilo embe la maduka ya Marekani na Ulaya. Kuna watu wazima huko ambao wanadhani embe ladha yake ndiyo hiyo.

La pili lilikuwa Kent, na hapo nilinyamaza. Nyama laini isiyo na nyuzi, maji mengi, utamu mzito wenye uchachu mdogo unaousafisha mdomo. Kwa maoni yangu, kati ya maembe ya kisasa yanayouzwa kwa majina ya Kizungu, Kent ndilo linalostahili bei yake. Keitt lilikuwa bado mtini, kwa kuwa huchelewa kuliko wenzake na hubaki la kijani hata likiiva; wezi hulipita bila kulitazama, jambo ambalo mwalimu analihesabu kuwa sehemu ya ubora wake.

Kisha akanipa mawili kwa mpigo, moja mkono huu na moja mkono huu. La kushoto lilikuwa na harufu nzuri na uchachu unaochangamsha. La kulia lilikuwa na maji tu, tamu bila sababu. Nikadhani ni aina mbili. Yote yalikuwa Apple, embe la mviringo ambalo chimbuko lake ni Pwani ya Kenya na ambalo sasa liko kila mahali Afrika Mashariki. Mti mmoja uko juu, kwenye changarawe kati ya majabali, unashinda juani na unaishi kwa shida. Mwingine uko chini, karibu na maji ya ziwa, unakunywa usiku na mchana. Mti unaokunywa sana wiki za mwisho kabla ya kuvuna hujaza tunda maji, na sukari iliyokusudiwa kwa embe dogo ikagawanywa kwenye embe kubwa. Anayekuambia Apple ni tamu au si tamu, muulize kwanza mti umesimama wapi.

Siku ya kuchuma nayo ina neno. Embe huiva kwa kugeuza wanga wake kuwa sukari, na wanga huo huingia tunda likiwa bado mtini. Likichumwa kabla halijakomaa, hata ulivundike vipi litalainika na kuwa na rangi, ila ndani litakuwa chachu au halina kitu. Ndiyo maana maembe ya mwanzo wa msimu, yanayokimbizwa sokoni bei ikiwa juu, yameharibia aina nzuri sifa zake. Wapo wafanyabiashara wanaoyaivisha kwa kabaidi, dawa ya viwandani ya kutengenezea gesi ya kuchomelea vyuma, na hilo si suala la ladha peke yake. Ni suala la afya. Mwalimu huvundika kwa njia ya mama zetu: boksi, magazeti makuukuu, na ndizi mbivu mbili tatu zitoe hewa yake. Kabla ya kuchuma hutazama mabega ya embe. Yakiwa yamejaa na kupanda juu ya mahali kikonyo kinaposhikia, limekomaa.

Ngowe, lile refu lenye ncha iliyojikunja, lilinipa ladha tulivu na nyama nyororo ya rangi ya chungwa. Ni embe la wazee wenye meno machache na nalisema kwa heshima. Alphonso lilinisikitisha. Hili ndilo embe linalosifiwa Bombay mpaka watu wanagombana, limepewa jina la Mreno Afonso de Albuquerque, na lile la Ratnagiri lina harufu inayojaza chumba. La Mugango lilikuwa dogo, lina harufu nusu, na mti wenyewe unazaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Mwalimu hajakata tamaa nalo. Mimi ningebebesha kitu kingine juu yake. Sindano ni tamu bila maswali. Bolibo ni kubwa na la kushiba. Dodo tunaliheshimu kwa ukubwa wake na kwa kumbukumbu za utotoni zaidi ya ladha yake. Watakaokasirika na wakasirike.

Katikati ya kazi hii tulipumzika, mazungumzo yakahamia kwenye ukakasi. Lilikuwapo embe moja la namba, sikumbuki namba gani, lililonikaza ulimi. Nikamsimulia habari za kaki, tunda la Asia ya Mashariki ambalo siku hizi linapatikana hata kwenye maduka makubwa ya Dubai. Iko kaki iitwayo Fuyu, ya kuliwa ikiwa bado ngumu, na iko Hachiya, ambayo ukiing'ata kabla haijalegea kabisa hutasema neno kwa dakika kadhaa. Wahispania wana aina yao, Rojo Brillante, yenye ukakasi mkali. Huifungia kwenye vyumba vilivyojazwa hewa ya kaboni dayoksaidi mpaka ukakasi unatulia, kisha wanaiuza ikiwa ngumu na tamu. Wapo watu Marekani na Ulaya ambao hawana kazi nyingine jioni zaidi ya kuchanganya kaki za Asia na za kwao Marekani ili kupata utamu wa moja na uvumilivu wa baridi wa nyingine. Mwalimu alisikiliza, akaniuliza kama mgiriti si ndugu wa tunda hilo. Ni ndugu wa karibu kabisa. Mgiriti, ule mti mkubwa wa kandokando ya mito ambao wachungaji hula matunda yake ya njano, uko katika jenasi moja na kaki, na tunda lake bichi linakaza mdomo vilevile. Hakuna aliyewahi kukaa kuuchagulia mgiriti mbegu nzuri. Uwanja huo uko wazi kwa anayetaka.

Mwembe ndio uliopata wapenzi. Kinachonishangaza ni kwamba aina nyingi zinazouzwa leo duniani hazikutoka kwenye maabara, zilitoka uani kwa watu. Serikali ya Marekani iliagiza miche ya maembe kutoka India mwaka 1889, ikapandwa Florida. Baada ya baridi kali ulibaki mti mmoja wa aina ya Mulgoba uliokuja kuzaa. Mwaka 1902 kapteni mstaafu wa jeshi, John Haden, alipanda kokwa za mti huo nyumbani kwake Coconut Grove. Akafa mwaka uliofuata, hajala hata moja. Mjane wake, Florence, aliitunza miti, na mwaka 1910 mmoja ulizaa embe jekundu lenye ladha ambayo haikuwahi kuonekana kule. Likaitwa Haden. Tommy Atkins ni mtoto wake. Kent nalo limetoka kwenye kokwa iliyopandwa miaka ya 1930 katika bustani ya mtu, na Keitt vilevile.

Baba wa Haden alikuwa nani? Kwa muda mrefu haikujulikana, kwa sababu nyuki na nzi hawaandiki vyeti. Uchunguzi wa vinasaba ulipofanyika ulionyesha kuwa mama ni Mulgoba, embe la kifahari la India, na baba ni Turpentine, embe dogo la kienyeji la kule Karibiani na Florida, lenye nyuzi na harufu ya tapentaini kama jina lake linavyosema. Harufu hiyo ninyi nyote mnaijua. Ni ile ya maembe yetu ya porini, na inatokana na mafuta yaitwayo terpini, ambayo ndiyo hayohayo yaliyomo kwenye utomvu wa msonobari. Embe lisilo nayo kabisa ni tamu la kuchosha. Likizidisha, unadhani umelamba mlango uliopakwa rangi jana. Embe zuri limepatia kipimo. Tunapokata miembe ya kienyeji kwa kuwa "ina tapentaini", tujue tunakata mababa.

Niliuliza swali ambalo kila mtu mwenye mwembe mtamu huuliza: nikipanda kokwa, nitapata embe lilelile? Mwalimu hakujibu. Alichukua kokwa mbili zilizokauka, akazipasua kwa ncha ya panga, akazitoa mbegu za ndani na kuziweka juu ya meza. Moja, ya Kent, ilikuwa nzima, mapande mawili yaliyolingana, chipukizi moja. Nyingine, ya lile embe la njano la kanisani, ilikuwa imegawanyika ndani katika vipande visivyolingana, na kila kipande kilikuwa na chipukizi lake. Kokwa ya namna ya kwanza hutoa mche mmoja, mtoto wa baba na mama, na huwezi kujua atafanana na nani. Maembe mengi ya asili ya India yako hivyo. Kokwa ya namna ya pili hutoa miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo ni mama mtupu, bila baba kuhusika. Maembe ya Asia ya Kusini-Mashariki ndiyo yenye tabia hiyo. Kwa hiyo embe la kanisani limeweza kuenea Mugango nzima kwa kutupwa njiani na watoto na bado likabaki lilelile. La marehemu seremala haliwezi. Mti wake ukianguka, ladha ile imekwisha.

Wahindi wamewahi kulazimisha ndoa hizi kwa mkono. Amrapali, mtoto wa Dasheri na Neelum, alitolewa New Delhi katika miaka ya 1970, mti mfupi unaozaa kila mwaka. Kazi ya kuchavusha kwa mkono si ya kutamaniwa: shada moja la maua ya mwembe lina maua mamia hadi maelfu, na asilimia moja tu au chini ya hapo hufika kuwa tunda. Unaweza kuchavusha wiki nzima ukavuna maembe ya kujaza kofia. Mwalimu alijaribu, akaacha, akasema afadhali nyuki.

Siku iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Butiama, nikazuru kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo na makumbusho yake, nikapanda juu ya majabali kutazama bonde. Butiama iko juu kuliko ziwani na kuna ubaridi kidogo. Mwenyeji wangu wa huko aliniambia maembe yao huiva nyuma ya yale ya Mugango, na waliozoea hula msimu mara mbili kwa nauli ya bodaboda.

Nilirudi Mugango kwa sababu mwalimu alikuwa ameahidi kunipeleka kwenye mahame. Tulikwenda kwa miguu asubuhi, tukipita mihogo na mikonge pori, mpaka mahali penye mawe ya jiko yaliyoota nyasi na mwembe mmoja mkubwa sana ulioegemea upande. Hapa palikuwa kwa bibi yake. Matunda yalikuwa madogo, mengi yametobolewa na ndege, na chini palijaa yaliyooza kwa kazi ya nzi wa matunda. Nzi huyu ni mgeni mbaya aliyetoka Asia na kugunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003, na tangu hapo hakuna msimu alioacha. Uani kwake mwalimu ametundika chupa za maji zenye pamba iliyoloweshwa methili yujenoli, ambayo huwavuta madume, pamoja na dawa ya kuwaua. Kwenye mahame hakuna wa kutundika chupa.

Tulipata matatu mazima. Mwalimu alilikata la kwanza kwa kisu chake kidogo, na kabla hajanipa harufu ilikuwa imeshanifikia. Nyama yake ilikuwa ya njano iliyoiva, ina nyuzi chache laini. Tapentaini ilikuwapo, mwanzoni kabisa, ikapita haraka. Nyuma yake utamu mzito, kisha uchachu wa ukwaju, kisha kitu cha maua ambacho sikukipata kwa Kent wala Ngowe wala yoyote kati ya yale ya mezani. Nililila mpaka kokwa ikawa nyeupe. Nikaliweka juu ya yote, na bado nimeliweka hapo. Mwalimu aliridhika, ingawa alijifanya kutazama mbali.

Mti ule unakufa. Shina limeliwa na mchwa upande mmoja na upepo wa ziwa utamalizia. Siku kumi hivi kabla ya mimi kuja, mwalimu alikuwa amekata majani kwenye ncha za matawi machache, akaacha vishina vya majani tu, ili macho yavimbe. Sasa yalikuwa yamevimba na yalikuwa bado hayajafumuka. Alikata vikonyo vya urefu wa kiganja, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, tukarudi haraka kabla jua halijawa kali.

Kubebesha kwenyewe hakuchukui muda. Mche wa chini, ulioota kutokana na kokwa ya embe la kanisani, ulikuwa na unene wa penseli. Aliukata kichwa, akapasua katikati kwa wembe mpya, akachonga kikonyo pande mbili kiwe kabari, akakichomeka na kuhakikisha ganda la huku linakutana na ganda la kule angalau upande mmoja. Hapo ndipo uhai unapopita. Kati ya mti na mti hapana kitu. Zamani alifungia vipande vya mifuko ya Rambo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, anatumia vile vifuko vyembamba vya kugandishia barafu za watoto: kimoja anakichana kuwa utepe wa kufungia, kingine anakivisha juu ya kikonyo kizima na kukifunga chini, ili unyevu usitoke. Kisha kivulini. Wiki tatu nne baadaye, macho yakifumuka ndani ya kifuko, kimeshika. Yakiwa meusi, unaanza upya. Havishiki vyote, alisema, na hakuna anayeshikisha vyote.

Alibebesha miche kadhaa asubuhi ile na kuandika shinani, kwa rangi nyeupe, jina la bibi yake badala ya namba.

Nawe msomaji, kama kuna mwembe nyumbani kwenu ambao ndugu wote hurudi likizo kwa ajili yake, usingoje uanguke ndipo uulize. Mbebeshaji yupo karibu kila wilaya. Muulize bwana shamba wa kata, au nenda kwenye kitalu chochote kinachouza miche ya kubebesha. Kata majani kwenye ncha za matawi machache, subiri siku saba hadi kumi macho yavimbe, peleka vikonyo vikiwa vibichi siku hiyohiyo. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano.